Gandhi au Ambedkar: mwalimu amwamini nani?

"Nafundisha Historia kidato cha tano. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma kuhusu India ili niwape wanafunzi zaidi ya yale ya kitabu cha kiada, na sasa nimechanganyikiwa. Kitabu cha kwanza kinamwita Gandhi mtetezi wa watu walioitwa wasioguswa. Cha pili kinasema mwaka 1932 aligoma kula ili kuwanyima haki yao ya kura, na kwamba shujaa wao wa kweli ni Ambedkar, aliyeandika katiba na kufuta kasta. Nilipomuuliza jirani yangu Mhindi mwenye duka la vitambaa, alicheka akasema mambo hayo yalikwisha zamani, yeye hajawahi kuyaona. Nimwamini nani? Na nisome nini kwanza nisije nikawapotosha wanafunzi?"

Mwalimu, vitabu vyako vyote viwili vinaweza kuwa vimesema kweli juu ya mwaka uleule na bado vikakuacha gizani. Vyote viwili vinajibu swali la nani alikuwa mtu mwema. Hilo liweke kando kwanza. Septemba 1932 Gandhi na Ambedkar walikuwa wakigombania jambo moja linaloeleweka kabisa: mwakilishi wa watu waliodharauliwa achaguliwe na nani? Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya siasa za India tangu hapo hadi leo inaanza kujieleza yenyewe.

Lakini tuanze na kasta, maana wasomaji wengi hulitaja jambo hili kana kwamba ni ngazi nne tu: makuhani, wapiganaji, wafanyabiashara na watumishi. Hizo ndizo varna, mgawanyo wa vitabuni. Katika maisha mtu huzaliwa ndani ya jati, na jati zipo maelfu, kila moja na eneo lake, mara nyingi na kazi yake, na zaidi ya yote na mipaka yake ya ndoa. Mwaka 1916, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Ambedkar, ambaye mwenyewe alizaliwa miongoni mwa wasioguswa, alisoma mbele ya wenzake makala iliyodai kwamba siri ya kasta imo katika ndoa: kundi likijifungia kuoana lenyewe kwa lenyewe, yale mengine hufuata. Ndiyo maana kasta inamkandamiza pia mwanamke wa jati ya juu. Yeye ndiye mlango, na mlango hulindwa.

Jambo la pili la kushika ni kwamba huu si mgawanyo wa mabwana kwa upande mmoja na watwana kwa upande wa pili. Karibu kila mtu ana aliye juu yake na aliye chini yake, kwa hiyo karibu kila mtu ana kitu cha kupoteza ngazi ikivunjwa. Chini kabisa, nje ya zile varna nne, waliwekwa watu ambao mguso wao, na mahali pengine hata kivuli chao, ulihesabiwa kuwa najisi. Leo wengi wao hujiita Wadalit. Sensa ya 2011 iliwahesabu wale wanaotambuliwa kisheria kuwa asilimia 16.6 ya watu wa India, yaani zaidi ya watu milioni 200.

Wanafunzi wako wakitaka kujua hayo yalikuwaje kwa mtu mwenye kiu, wapeleke Mahad, mji mdogo kusini mwa Bombay. Pale palikuwa na bwawa la maji liitwalo Chavdar. Halmashauri ya mji ilikwisha kupitisha azimio kwamba watu wote wateke maji, lakini azimio lilibaki kwenye karatasi. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliwaongoza maelfu ya watu wake hadi bwawani, akainama, akanywa. Ndivyo ilivyokuwa, unywaji wa maji tu. Walipigwa wakiwa njiani kurudi, na baadaye wakazi wa kasta za juu wakalitakasa bwawa kwa mavi na mkojo wa ng'ombe. Kesi ya haki ya kuteka maji yale ilikwisha mwaka 1937 katika Mahakama Kuu ya Bombay, miaka kumi baadaye, na upande wa Ambedkar ukashinda. Wanyama walikuwa wakinywa pale siku zote bila kesi.

Sasa turudi 1932. Waingereza walikuwa wakipanga mabaraza mapya ya majimbo. Agosti mwaka huo Waziri Mkuu wao, Ramsay MacDonald, alitangaza jinsi viti vitakavyogawanywa. Waislamu walikuwa na daftari lao la wapiga kura tangu 1909, na sasa Wadalit nao wangepewa viti 71 vya peke yao. Zingatia namna ya kupiga kura, kwa sababu vitabu vingi huipita mbio. Mdalit mwenye sifa za kupiga kura angekuwa na kura mbili: moja ya kumchagua mwakilishi wa Wadalit, akichaguliwa na Wadalit pekee, na nyingine katika jimbo la kawaida pamoja na watu wote. Mpango huo ungekoma baada ya miaka 20.

Gandhi alikuwa gerezani Yeravda, Poona. Alikwisha kuonya huko London Novemba 1931 kwamba angelipinga jambo hilo kwa uhai wake, na tarehe 20 Septemba 1932 alianza kugoma kula. Hakupinga daftari la Waislamu wala la Masingasinga. Mgomo wake ulilenga la Wadalit tu. Hoja yake ilikuwa kwamba Wadalit ni sehemu ya jamii ya Kihindu, na kuwaandikia daftari lao ni kuuandika unajisi wao kwenye sheria ubaki milele. Juu ya hoja hiyo palikuwa na hofu ya kisiasa isiyo ya bure: serikali ya kikoloni ilikuwa stadi wa kuwagawa watu kwa madaftari. Upande wa Ambedkar ulijibu kwamba kisimani sisi ni wengine, hekaluni sisi ni wengine, iweje penye sanduku la kura tu ndipo tuwe kitu kimoja?

Msomaji wa Afrika Mashariki analo la kumsaidia hapa, maana mchezo huu wa madaftari ulichezwa kwetu pia. Kenya, Wahindi walidai daftari moja la pamoja na Wazungu. Tamko la serikali ya Uingereza la 1923 likawanyima, likawapa viti vitano vyao wenyewe, nao wakavisusia. Januari 1924 Sarojini Naidu, mmoja wa vigogo wa Congress, chama cha Gandhi huko India, alikuja Mombasa kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki katikati ya ugomvi huo. Basi watu wa Congress waliposikia neno "daftari la pekee", hawakusikia ulinzi wa mnyonge. Walisikia mkono wa mkoloni.

Mfano ulio karibu zaidi na darasa lako ni uchaguzi wa kura tatu wa Tanganyika, Septemba 1958 na Februari 1959. Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Januari 1958 TANU iligawanyika Tabora juu ya suala la kushiriki au kususia. Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake. Nyerere alisema tushiriki, na alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Kwa kuwa Mzungu na Mwasia walipigiwa kura na watu wote, walioshinda ni wale waliokubaliwa na TANU, watu kama Derek Bryceson na Amir Jamal. Kiti kilikuwa cha jamii ndogo lakini uamuzi ulikuwa wa jamii kubwa. Sisi tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu jamii ndogo zile ndizo zilizokuwa na upendeleo. Geuza sasa picha hiyo, jamii ndogo iwe ndiyo iliyokandamizwa kwa karne nyingi, nawe utaelewa kwa nini Ambedkar aliuona utaratibu uleule kuwa mtego.

Maana huo ndio utaratibu alioukubali mwishowe. Mkataba wa Poona ulitiwa sahihi tarehe 24 Septemba 1932, na Gandhi akafungua siku mbili baadaye. Viti vya Wadalit viliongezwa kutoka 71 hadi 148, zaidi ya mara mbili. Badala ya daftari lao, ikawekwa hatua ya kwanza ambamo Wadalit peke yao wangechagua wagombea wanne, kisha wapiga kura wote wa jimbo wangemchagua mmoja kati ya hao wanne. Ile kura ya pili ikafutwa.

Waandikie wanafunzi ubaoni. Jimbo lina wapiga kura 1,000, na kati yao Wadalit ni 150. Kwa mpango wa MacDonald, hao 150 wanampata mtu wao bila kumwomba mtu, tena wanabaki na kura nyingine ambayo wagombea wa kasta za juu lazima waje kuibembeleza. Kwa mpango wa Poona, yule aliyeshika nafasi ya nne kwa Wadalit anaweza kushinda ikiwa wale 850 wanampenda, na watampenda zaidi asiyewaudhi. Viti vimeongezeka, sauti imepungua. Hayo si matusi kwa yeyote, ni hesabu.

Je, Gandhi alimlazimisha? Kwa maoni yangu, ndiyo. Mgomo wa kula wa mtu anayependwa na mamilioni si hoja ambayo mpinzani anaweza kuijibu kwa hoja. Gandhi angekufa gerezani, wa kulipa wangekuwa Wadalit wa vijijini, waliozungukwa na watu wenye hasira, na Ambedkar alilijua hilo alipochukua kalamu. Katika kitabu chake cha 1945 aliushambulia mkataba huo kwa maneno makali. Lakini usiwafundishe vijana kwamba alikuwa mateka asiye na akili ya biashara: alikaa mezani akapatana kiti kwa kiti, akatoka na idadi ambayo London haikumpa. Wala Wadalit wote hawakuwa nyuma yake. M. C. Rajah wa Madras, kiongozi wao aliyekuwa na sifa kubwa, alikwisha kukubali daftari la pamoja mapema mwaka uleule. Vitabu vingi vinamwacha Rajah nje kwa sababu anaharibu hadithi ya watu wawili.

Hesabu ile ya ubaoni ilikuja kumwangukia Ambedkar mwenyewe. Katiba ilibakiza viti vilivyotengwa na daftari la pamoja, lakini ile hatua ya kuchagua wanne haimo. Katika uchaguzi mkuu wa kwanza, ulioishia mapema 1952, Ambedkar aligombea Bombay akashindwa, na aliyemshinda katika kiti kilichotengwa alikuwa Mdalit mwenzake wa Congress, mtu aliyewahi kuwa msaidizi wake. Mwaka 1982, Mkataba wa Poona ulipotimiza miaka 50, Kanshi Ram, mwanasiasa wa Kidalit, aliandika kitabu kizima dhidi ya wabunge Wadalit wanaotumikia vyama vya wengine, akawaita vibaraka. Miaka miwili baadaye aliunda chama cha BSP, na mwaka 1995 Mayawati wa chama hicho akawa Waziri Mkuu wa jimbo la Uttar Pradesh, mwanamke wa kwanza wa Kidalit kushika cheo hicho katika jimbo lolote la India. Dawa yao haikuwa kurudi kwenye daftari la pekee. Walitafuta washirika hadi wakapata wingi: mwaka 2007 walishinda peke yao wakiwa na wagombea wengi wa Kibrahmani, yaani wa varna ya makuhani, kwenye orodha yao. Siasa ina vichekesho vyake.

Sasa nirekebishe mawili katika barua yako. Kwanza, Ambedkar hakuiandika katiba peke yake. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya uandishi kuanzia Agosti 1947, akaitetea rasimu kifungu kwa kifungu mbele ya Bunge la Katiba, na hiyo ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Lakini rasimu ya mwanzo ilitayarishwa na mshauri wa sheria, B. N. Rau, na Ambedkar mwenyewe alimshukuru hadharani katika hotuba yake ya tarehe 25 Novemba 1949. Pili, katiba haikufuta kasta. Kifungu cha 17 kilifuta unajisi, yaani desturi ya kumtenga mtu asiguswe, kikaufanya kuwa kosa. Vifungu vya 15 na 16 vikakataza ubaguzi. Jati zenyewe zilibaki, na serikali inaziorodhesha ili igawe nafasi za masomo na ajira: asilimia 15 kwa Wadalit, 7.5 kwa jamii za asili na, tangu uamuzi wa 1990 uliothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1992, asilimia 27 kwa jati nyingine zilizoachwa nyuma, mwanzoni katika ajira tu. Viti vya bunge vilivyotengwa vilikusudiwa kudumu miaka 10. Vimekuwa vikiongezewa muda kila vinapokaribia kwisha, na sasa vinafika 2030. Na kama yote yalikwisha 1950, bunge lisingepitisha sheria kali mwaka 1989 ya kuwaadhibu wanaowatendea Wadalit ukatili.

Jirani yako, hata hivyo, sidhani anakudanganya. Wahindi waliokuja kwetu walitoka hasa Gujarat na Punjab, tena katika jati chache: Wapatel, Walohana, Waoshwal, na mafundi wa Kisingasinga wa Ramgarhia ambao mikono yao imo katika reli ya Uganda. Walipofika huku, ile ngazi yenye makuhani juu na wasioguswa chini haikuvuka bahari nzima. Kilichovuka ni vyumba vya ngazi: kila jati ikajenga ukumbi wake, shule yake, chama chake cha kuzikana na kuozana. Mtu aliyekulia ndani ya chumba kimoja anaweza kusema kwa moyo safi kwamba hajaona ngazi. Usimuulize kwenye kaunta ya duka "wewe ni jati gani", ni swali zito kuliko unavyodhani, hasa wateja wakisikia. Muulize ukumbi wao ulijengwa lini na nani wanaruhusiwa kuoa wapi. Atakueleza mengi, labda na chai juu.

Juu ya kusoma: anza na hotuba ya Ambedkar ya 1936, *Annihilation of Caste*. Aliiandaa aisome Lahore kwa mwaliko wa kikundi cha Wahindu waliojiita wapinga kasta. Walipoona maandishi wakaogopa, mkutano ukafutwa, naye akaichapisha kwa gharama zake. Tafuta toleo la pili, la 1937, kwa sababu lina majibu ya Gandhi na majibu ya Ambedkar kwa majibu hayo. Kitabu kidogo, sauti mbili, hakuna msimulizi wa katikati anayekuambia umpende nani. Kisha soma ile hotuba ya 25 Novemba 1949. Humo anaonya kwamba India inaingia katika maisha yanayojipinga, usawa kwenye kura na ukosefu wa usawa katika jamii na uchumi. Tena anaonya kwamba kumwabudu kiongozi ni njia ya kwenda kwenye udikteta. Leo sanamu yake ya suti ya buluu imesimama katika vijiji visivyo na idadi, na kila chama kikubwa humvika shada la maua kila tarehe 14 Aprili, siku yake ya kuzaliwa. Sina hakika angefurahi.

Gandhi msome kwa tarehe. Maandishi yake yote yanajaza majuzuu kama 100, na mtu anaweza kuchota humo chochote anachotaka. Yule wa mwanzoni mwa miaka ya 1920 alitetea varna na kukataza ndoa za mchanganyiko. Yule wa 1946 alikataa kubariki harusi isipokuwa mmoja wa maarusi ni Mdalit. Nukuu yoyote inayozunguka simuni bila mwaka, ya kumsifu au ya kumponda, itupe. Maneno yake mabaya juu ya Waafrika yanatoka katika miaka ya Afrika Kusini, nayo ni ya kweli. Yalichangia sanamu yake kuondolewa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018. Ni kweli pia kwamba tuzo ya amani ambayo serikali ya India huitoa kwa jina lake, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, alipewa Nyerere. Mwanafunzi wa kidato cha tano ana uwezo wa kuyabeba yote mawili.

Ukipata nafasi, rudi nyuma zaidi ya hao wawili. Mwaka 1848, miaka 21 kabla Gandhi hajazaliwa, Jotirao na Savitribai Phule walifungua shule ya wasichana Poona, wakiwa watu wa jati ya chini. Nawataja mbio hapa, lakini wanastahili barua yao.

Kuna mahali ambapo jibu la kuandikwa halitoshi. Kama unakusudia kuligeuza hili kuwa tasnifu au makala ya kuchapishwa, kaa ana kwa ana na mhadhiri wa historia akuoneshe namna ya kupima nyaraka. Kwa upande wa Wahindi wa huku, mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa za Kenya, Nairobi, una magazeti na kumbukumbu ambazo hutazipata kwenye intaneti. Na kama darasani yumo mtoto wa Kihindi, zungumza naye na mzazi wake kabla ya kipindi, si baada yake. Somo la kasta likifundishwa ovyo hugeuka haraka kuwa somo la kuwacheka wenye maduka, na likianza kwenda huko, mwite mwalimu wa nidhamu au mlezi wa darasa mapema.

Ukibanwa na muda, acha 1949 na yote yanayofuata. Bwawa la Mahad, ile hesabu ya ubaoni na kura tatu za Tanganyika vitakujazia vipindi viwili, na swali la mtihani juu yake liwe moja tu: katika kila kisa, ni nani aliyekuwa akimchagua mwakilishi?